Karani Havuti Tena Gauni

4 Februari

Kwako Kiroboto, mwanangu,

Barua yako niliipata pamoja na picha ya mkeo, na kabla ya yote, mlishe huyo mtoto wa watu, mbona mashavu yameingia ndani? Mimi mzima. Magoti yana vituko vyake, na masikio ndiyo basi tena. Ile simu uliyoninunulia nimemgawia binti wa dukani, usininunie. Nilikuwa napokea, haloo, haloo, nagombana na hewa, kumbe mtu ameshakata zamani. Miaka thelathini na moja nimesimama katikati ya mitambo ya kufuma mablanketi, sasa unategemea nisikie nini? Karatasi haitaki masikio, kwa hiyo tuandikiane tu.

Huku kumepoa. Fundi majokofu wa mlango wa pili na mkewe, waliokuwa hawamalizi siku mbili bila kuja kukaa kwangu, sasa tukikutana bombani wananisalimia kwa pembe ya mdomo. Sijui nimewakosea nini. Tangu mwaka uanze hakuna aliyebisha mlango wangu. Watu wakikuona umezeeka wanakuhesabu umeshakufa, ila wewe ndiye hujapewa taarifa.

Sasa nilichokalia kuandika. Karani anaumwa. Mdomo unanuka hata akinipa mgongo. Chakula anakitafuna upande wa kulia tu, na kingine anakidondosha, halafu anakitazama kama aliyeibiwa. Taya la chini, upande wa kushoto, limevimba kiuvimbe cha ukubwa wa punje ya hindi. Nikimgusa hapo ananirudishia kichwa nyuma, na unajua huyu hajawahi kuninyima kichwa.

Ajabu yenyewe ni kwamba meno meupe pe! Yale yale uliyomkwangulia mwaka juzi pale kibarazani, mtaa mzima umesimama kukutazama. Mpaka leo wapo wanaoniambia mbwa wako ana meno kuliko bwana harusi. Na mimi sijaacha, kila Jumapili namlaza mapajani, namkwangua kwa kile kichuma ulichoniachia, sibakishi doa.

Marehemu mume wangu alimpa jina la Karani kwa sababu alikuwa akikaa mlangoni kama anayedai karatasi za kila anayeingia. Tangu marehemu aondoke, huyu ndiye masikio yangu. Mtu akibisha, anakuja kunidaka pindo la gauni kwa meno, ananivuta kinyumenyume mpaka mlangoni. Gauni zangu zote zina matundu chini. Unayajua haya, lakini nayaandika ili ukumbuke tunamzungumzia nani.

Kwa hiyo, daktari wangu wa meno ya mbwa, nifanye nini? Jibu haraka.

Shangazi yako


19 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mkweo anasema hajakonda, ni picha tu ilipigwa vibaya, na kwamba ana miezi mitano sasa, kwa hiyo subiri uone hayo mashavu. Chumba tunachokaa kinavuja pembeni mwa dirisha. Mwenye nyumba kila siku anatuma fundi ambaye hafiki.

Habari ya Karani imenikaa moyoni. Nakutumia pamoja na barua hii mswaki laini na chupa ya dawa ya kusuuza ufizi. Mloweshee mkate kwenye maziwa, umpe wali laini, mfupa usimpe kabisa.

Umeniuliza ufanye nini; kwetu hufanyika hivi. Mbwa wa namna hiyo akiletwa, kwanza anapimwa damu na moyo. Halafu anapewa nusukaputi, anapitishiwa mpira kooni ili apumue vizuri na maji yasimwingie mapafuni. Tunamlaza juu ya godoro la joto. Daktari wetu, mama mmoja mfupi mwenye hasira za karibu, anapitisha kisindano butu pembeni mwa kila jino, chini ya ufizi, kupima shimo lina kina gani. Anasema namba, zinaandikwa. Kisha kila jino linapigwa eksirei. Ukoga unaondolewa kwa mashine inayotetema na kurusha maji, juu ya ufizi na chini yake. Mwisho meno yanasuguliwa hadi yateleze. Jino lililokufa linakatwa vipande, linatolewa mzizi mmoja mmoja, na ufizi unashonwa. Wiki iliyopita tulikuwa na paka ambaye watu wake walidhani ameingiwa na kiburi cha chakula, kumbe meno manne yalikuwa yametoboka mpaka kwenye uhai. Paka hasemi. Mbwa naye hasemi.

Muulize bwana mifugo wa huko kama wana mashine ya eksirei, hata ile ya ng'ombe.

Kile kichuma kiweke kabatini kwanza, usikitumie. Na hilo la meno kuwa meupe, tutaliongea siku nyingine. Barua naiweka rejista isipotee, kama kawaida yangu.

Mwanao,
Kiroboto


13 Machi

Kiroboto,

Marahaba, na hongera ya miezi mitano. Mtoto akiwa wa kike usimpe jina langu, limeshachoka.

Barua yako nimeipata juzi tu, na nusura nisiipate. Nilikutana na yule bwana wa posta njiani, akanikazia macho. Ananiambia kwa mikono na midomo, mama, nimekuja kwako mara tatu, nabisha, hufungui, na hii ya rejista lazima utie saini. Mara tatu! Nikamwambia muongo mkubwa wewe, ungebisha Karani angenivuta. Hajawahi kukosea hata siku moja. Mtu anakaa zake kivulini na mkoba wa serikali, halafu anakuja kunisingizia uziwi wangu. Nimemsema mpaka watu wakasimama. Barua nimetia saini pale pale barabarani.

Nimecheka sana nilipofika kwenye nusukaputi. Mbwa anapimwa moyo, analazwa kwenye godoro la joto! Mimi nilipojifungua sikupata godoro la joto. Lakini nikasoma tena, sikucheka, nikatamani Karani awe huko na si huku. Eksirei hapa hakuna. Nilimuuliza bwana mifugo kama unavyosema, akanitazama kama nimemuomba ndege. Ana sindano za chanjo, ana koleo, na ana mikono. Ila ni mtu mwema, aliinama kabisa, akamfunua mdomo. Anasema kuna gego moja nyuma linacheza, na usaha upo, na likitoka tu Karani atapumua. Atakuja tarehe mbili Aprili akizungukia chanjo. Nimemwambia sawa.

Au unasemaje? Wewe ndiye mjuzi. Ukiona si sawa niandikie kabla ya siku hiyo, na mimi nitamfukuza bila haya.

Hali yenyewe si nzuri. Mkate wa maziwa anaulamba, anauacha. Mswaki wako anaukimbia. Siku hizi analala tu juu ya kile kipande cha blanketi langu la kiwandani. Wakati mwingine ananyanyua kichwa ghafla, anautazama mlango, halafu ananitazama mimi, halafu anakirudisha kichwa chini. Juzi alinijia kabisa mpaka miguuni, akaiweka pua kwenye gauni, akasimama tu. Nikamwambia una nini, baba? Akarudi zake kulala. Uzee huo, nimesema, tumezeeka wote.

Upesi basi.

Shangazi yako


22 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu, unisamehe.

Usimruhusu bwana mifugo atoe hilo gego. Nakuomba. Akifika tarehe mbili mwambie mwanangu amekataa, mtupie lawama zote kwangu. Ampe dawa ya usaha na ya maumivu tu, majina nimeyaandika kwenye karatasi ndogo humu ndani. Koleo lisiingie mdomoni mwa Karani.

Nitakueleza kwa nini, na kueleza kwa nini ndiko kulikonikwamisha mwezi uliopita.

Mwaka juzi nilipokuja sikuwa daktari. Sijawa daktari mpaka leo. Wakati ule kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vya chumba cha meno na kupiga deki. Sasa hivi nashika mpira wa hewa na kuandika namba anazotaja daktari, basi. Nilipofika kwako ukanitambulisha kwa majirani, huyu mwanangu daktari wa meno ya mbwa, nilitaka kukukosoa, nikaona uso wako, nikanyamaza. Na nisiwe muongo mara mbili, niliona raha. Kile kichuma nilikiokota kwenye kapu la vilivyotupwa kwa sababu kilikuwa butu.

Nilimkwangua Karani macho makavu, bila usingizi, mkiwa mmemshika. Niliondoa kinachoonekana tu. Shangazi, kinachoonekana hakina neno. Kinachoua jino ni kile kilicho chini ya ufizi, ambako mbwa aliye macho hakuruhusu ufike. Mimi nilipaka rangi nyumba inayoliwa na mchwa, watu wakanipigia makofi. Meno yakawa meupe, hakuna aliyewaza tena kumpeleka popote. Miaka miwili ugonjwa umekaa humo ndani kwa amani, na wewe kila Jumapili unausafishia mlango.

Nimekuja kulijua hili baadaye. Aliletwa mbwa mdogo saizi ya Karani, meno meupe vile vile. Ilipotoka eksirei, mfupa wa taya chini ya gego ulikuwa umeliwa mpaka umebaki kama uzi. Mbwa wadogo gego lao ni kubwa na taya lao ni jembamba, mizizi inakaribia kufika chini kabisa. Daktari wetu, na ujuzi wake wote, alilitoa jino lile kwa saa nzima akiwa ameshika pumzi. Alisema mtu akilivuta kwa koleo, taya litakatika. Mimi ndiye niliyeandika namba za mbwa yule. Nilikuwa namwona Karani.

Na jambo jingine. Yule bwana wa posta hakudanganya. Karani hakuvuti kwa sababu akiuma nguo anaumia. Akinyanyua kichwa akatazama mlango, ujue kuna mtu nje. Alipokuja akaweka pua kwenye gauni lako, kuna mtu alikuwa anabisha. Pengine ni fundi majokofu na mkewe. Watu wanakuja, Shangazi. Wanakuja, huwasikii, wanaondoka wakidhani umewafungia.

Naituma rejista leo hii, dirisha la posta halijafungwa. Kasirika utakavyo. Koleo tu usilikubali.

Kiroboto


25 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena. Sina jipya, ila siwezi kukaa.

Nimepiga simu ofisi ya mifugo ya huko. Siku ya kwanza iliita mpaka ikakata. Siku ya pili akapokea mfagizi, akasema bwana mifugo yuko vijijini na haachi namba. Nikamwambia mwambie asimguse mbwa wa mama wa kiwandani. Akauliza mama yupi, kiwanda kipi. Leo haipokelewi. Nimejaribu na namba ya ile simu uliyomgawia binti wa dukani, haipatikani, naona amebadili laini.

Nimemuomba daktari ruhusa ya wiki mbili. Amesema mwenzangu anayeshika hewa yuko likizo ya uzazi, na mbwa hawezi kulazwa bila mtu wa hewa, nisubiri arudi katikati ya Aprili. Nimesimama pale mlangoni kwake kama mwanafunzi. Nikarudi kushika mpira wangu wa hewa, maana ni kweli.

Nachokonoa kucha mpaka mkweo amenificha mikono. Kama umeisoma ya tarehe ishirini na mbili na hutaki kuniandikia, usiniandikie. Niandikie neno moja tu, "sijamruhusu". Hii nayo nimeiweka rejista.

Kiroboto


4 Aprili

Kwa Kiroboto,

Natumai wewe na mkeo wazima. Mimi nipo.

Nilingoja neno lako wiki tatu nzima. Nilimuuliza mpaka binti wa dukani kama hajaachiwa barua yangu. Nikasema Kiroboto hajanijibu, basi hana pingamizi, angekuwa nalo angeandika. Tarehe mbili nikakaa kibarazani tangu asubuhi ili bwana mifugo asinipite.

Alichemsha koleo kwenye sufuria yangu, alinawa, alifanya kila kitu kwa adabu. Alimchoma sindano ya ganzi kwenye ufizi. Mimi nilikuwa nimekishika kichwa, mkono huku na mkono huku, kama nilivyokishika siku ile yako. Karani alikuwa ananitazama mimi, hamtazami yeye. Bwana mifugo akashika gego, akalikaza, akalipinda kidogo.

Mimi sisikii radi, Kiroboto. Lakini viganja vyangu vilisikia. Kitu kilikatika humu mikononi mwangu kama kijiti kikavu, na taya likaninginia upande. Karani alifungua mdomo wote, na kwa jinsi bwana mifugo alivyoruka nyuma nilijua amelia kwa sauti kubwa. Mimi niliona tu mdomo uko wazi. Nilimshika mdomo wazi, sisikii kitu.

Bwana mifugo aliliweka koleo chini. Alinionyesha gego, akanionyesha na kipande cha mfupa kilichotoka nalo, kimeoza, kinabonyea kama mkate uliolowa. Tumemfunga taya kwa utepe wa shuka. Ameniachia dawa ya siku tano na akasema atarudi. Nimetia komeo mlangoni, sitaki arudi, ingawa kosa lake silioni. Maziwa nampa kwa bomba la sindano pembeni mwa mdomo, nusu yanamwagika. Usiku na mchana namfuta.

Nieleze jambo moja, wewe uliyesoma. Meno meupe vile, mimi mwenyewe nayakwangua, hakuna wiki niliyokosa. Mfupa umeoza saa ngapi? Nimekosea wapi? Nawaza labda nilikuwa nakwangua kwa nguvu mno, labda mimi ndiye niliyemvunja kidogo kidogo kila Jumapili.

Na mbona uliniacha? Neno moja tu lingetosha. Hata kama ni kazi, hata kama ni mkeo, unajua sina mwingine wa kumuuliza.

Kiti changu nimekigeuza. Zamani nilikiweka kutazama mlango, sasa nimeupa mgongo, natazama uwani na blanketi la Karani. Nimechoka kutazama mlango usiobishwa.

Shangazi yako


13 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako leo asubuhi, nikaisomea stoo, kati ya magaloni ya sabuni, mpaka wakaja kunitafuta.

Hukukosea. Nakuapia, hukukosea kitu. Mkono wako haujamvunja. Ninayo maelezo, lakini kwa barua hayafai tena. Kuna barua mbili nilikutumia ambazo naona hazikufika. Zikija sasa, usizifungue, ziweke. Nitakuambia mwenyewe kwa mdomo, uso kwa uso, taratibu, usome midomo yangu.

Mwenzangu anarudi kazini keshokutwa. Nitaondoka tarehe kumi na sita, na ni siku tatu barabarani. Daktari hakunikaripia. Alinifundisha jioni nzima namna ya kumtengenezea Karani mkanda wa mdomo kwa plasta, usiobana wala kulegea, ili taya litulie na ulimi uweze kulamba. Amenipa dawa ya maumivu ya mwezi na mirija ya kulishia. Mbwa wazee wengine taya lao haliungi, anasema, lakini wanajifunza kula hivyo hivyo. Nilimuuliza, je, anaweza tena kuvuta kitu kwa meno? Akasema hapana.

Nisubiri.

Kiroboto


19 Aprili, nje ya mlango wako

Shangazi,

Shikamoo. Naandika kwenye goti, nimekaa ngazi ya juu ya kibaraza chako, mwandiko uuvumilie.

Nimefika saa nne asubuhi. Nimebisha kwa kiganja, kwa ngumi, kwa kisigino cha kiatu. Nimegonga kioo cha dirisha mpaka nikaogopa kukivunja. Uani siwezi kupita, ule ukuta mliupanda vipande vya chupa mimi mwenyewe nikiwachanganyia saruji. Fundi majokofu ametoka kunitazama. Ameniambia usijisumbue, huyo mama hafungui, sisi tumebisha Januari nzima na Februari nzima, mke wangu akapika akaleta akarudi nacho. Walidhani umewachukia. Nilipomweleza ameshika kichwa. Yuko hapa nyuma yangu na mkewe, mke analia. Wanasema niwaombee radhi kwako.

Nilipita posta kwanza. Yule bwana uliyemtukana barabarani akanitolea barua zangu mbili, ya tarehe ishirini na mbili na ya ishirini na tano, zimegongwa mihuri ya "hapatikani". Ya kwanza alikuletea tarehe thelathini Machi, tena thelathini na moja, tena tarehe moja. Siku tatu, Shangazi, na koleo bado halijachemshwa. Nikamuuliza mbona hukuzisukuma chini ya mlango? Akasema rejista haisukumwi, lazima saini. Kama ningebandika stempu ya kawaida ungeikuta ukifagia. Mimi niliyekuandikia kwamba huwasikii wanaobisha, mimi ndiye niliyetuma barua inayotaka ufungue mlango. Ile ya tarehe kumi na tatu nadhani nimeipita njiani, kwa hiyo hujui hata kama nakuja.

Hizo mbili ninazo mkononi. Ya tarehe ishirini na mbili ndiyo yenye maelezo. Nimeitia mfukoni, nimeitoa, nimeitia tena. Hujaisoma, na nikiichana hapa hutaisoma kamwe. Utaendelea kuniita daktari. Lakini utaendelea pia kuamini kwamba ni mkono wako, kila Jumapili, kidogo kidogo.

Ninakuona kupitia dirishani. Umekaa kwenye kiti, mgongo kwangu, umevaa lile gauni la buluu. Umekonda, nani wa kusemwa sasa? Karani yuko kwenye blanketi, utepe mweupe umezunguka mdomo, fundo limefungwa vizuri kabisa nyuma ya masikio.

Sasa hivi nimebisha tena na yeye amesikia. Amenyanyua kichwa, ameutazama mlango. Ametikisa mkia, Shangazi, amenijua. Amesimama kwa shida, amekuja mpaka miguuni pako, ameiweka pua kwenye pindo la gauni. Nimebisha kwa mikono miwili. Amejaribu kufungua mdomo chini ya utepe. Nimeona shingo inavuta, anarudi kinyumenyume kama zamani, anavuta, na gauni halimo mdomoni. Amefanya hivyo mara mbili. Nimeacha kubisha, maana nikibisha atajaribu tena.

Wewe umeinama, umemkuna kichwani, ukamwambia kitu. Hukugeuka.

Nazisukuma zote tatu chini ya mlango. Anza na ya tarehe ishirini na mbili. Ukimaliza, fungua ukitaka. Nipo hapa kwenye ngazi, siondoki.

Kiroboto